Picha za safari ya kusini: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Kwa anayetoka Tanzania na gari, njia ni Tunduma, Lusaka, Livingstone, daraja la Kazungula kuingia Chobe (Botswana), kisha ukanda wa Zambezi hadi hifadhi ya Etosha (Namibia), pwani ya Swakopmund, na mwisho matuta ya mchanga ya Sossusvlei. Ndani ya safari hiyo moja kamera inapita kwenye manyunyu ya maporomoko, boti inayotetema, uwanda wa chumvi unaomulika kama bati jipya, ukungu wa bahari na vumbi la jangwa. Picha zikitoka mbovu, wengi huanza kuulizia bei ya lenzi nyingine. Mimi lenzi naiweka mwisho kabisa. Chanzo mara nyingi kiko hewani, kwenye gari, kwenye saa, au kwenye geti la hifadhi, na vyote hivyo havihitaji fedha kurekebisha.

Anza kwa kuikuza picha

Usiguse mpangilio wowote kabla ya hili. Fungua picha kwenye skrini ya kamera, ikuze hadi asilimia 100, uangalie picha imefifia namna gani. Kufifia kuna aina nne, na kila aina ina mwenyewe.

Vitu vyote, mnyama na mawe na nyasi, vikiwa vimevutika upande mmoja, kilichosogea ni kamera. Nyasi alizosimamia mnyama zikiwa kali lakini miguu au kichwa chake kimefifia, aliyesogea ni mnyama. Kama kuna kitu kikali mahali, mfano tawi la mbele au kichaka cha nyuma, na mnyama peke yake ndiye laini, fokasi (pale kamera inapoelekeza ukali) imetua pasipotakiwa. Na kama hakuna kilicho kikali popote, kingo zimekunjwakunjwa mithili ya kitu kilicho chini ya maji, hiyo ni hewa ya moto.

Ukiwa na shaka kati ya aina ya kwanza na ya nne, piga picha kumi mfululizo za kitu kisichotembea, mti au jiwe. Mtikisiko huharibu picha nzima kwa namna moja. Hewa huharibu kipande hiki kwenye picha hii na kipande kingine kwenye inayofuata.

Kila kitu kimevutika: gari na boti

Kwenye gari, mtuhumiwa wa kwanza ni injini. Haitoshi kusimama, zima kabisa. Kisha waombe waliokaa nyuma watulie, maana mtu mmoja akigeuka kuchukua chupa ya maji, gari zima linacheza, na kwa lenzi ya milimita 400 mchezo huo unaonekana.

Usiegemeze lenzi moja kwa moja kwenye kioo au fremu ya dirisha. Beba kifuko cha kitambaa kigumu kikiwa kitupu, ukijaze mchele au maharage ukifika, kikae dirishani na lenzi ilale juu yake. Kinashinda tripodi yoyote ndani ya gari, na safari ikiisha maharage yanapikwa. Kasi ya shata (muda kamera inaopokea mwanga, kwa sehemu ya sekunde) kwa lenzi hiyo ianze 1/800, ushuke tu pale mwanga unapokulazimisha.

Boti za Chobe ni habari nyingine. Tembo wanavuka mto kuelekea kisiwa cha Sedudu (Namibia wanakiita Kasikili, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mwaka 1999 kuwa ni cha Botswana), mikonga juu, watoto katikati, na kila mtu kwenye boti anataka upande ule ule. Hapo tripodi ni adui. Miguu yake inabeba mtetemo wa injini kutoka sakafuni hadi kwenye kamera. Shika kwa mikono, viwiko vikiwa vimebana mbavu, kaa badala ya kusimama, na shata ipande 1/1250 au zaidi hata kama ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) itafika 1600. Chembechembe kwenye picha zinavumilika. Tembo aliyevutika harekebishiki.

Mfumo wa kutuliza mtikisiko ulio kwenye lenzi unasaidia mikono yako tu. Haumzuii mnyama kutembea. Wengi huuamini kupita kiasi, wanapiga swala anayekimbia kwa 1/125, kisha wanashangaa kwa nini milima iko safi na swala ni moshi.

Hakuna kilicho kikali popote: hewa ya moto

Etosha ndiyo shule ya somo hili. Uwanda wake wa chumvi una ukubwa wa karibu kilomita za mraba 4,800, mweupe, hauna mti. Jua likishapanda, ardhi inapasha hewa iliyo juu yake, na hewa ya moto na ya baridi zinapochanganyika mwanga unapinda njiani kabla haujafika kwenye lenzi. Choroa aliye mita 300 saa sita mchana hatoki vizuri kwa kamera yoyote iliyotengenezwa mpaka leo. Lenzi ndefu zaidi inazidisha tatizo, kwa kuwa inakuza na ile hewa.

Kinachopunguza ni kuwa karibu. Subiri kwenye dimbwi la kunywea, mnyama aje mita 30 badala ya kumfuata aliye mbali. Au geuza wazo: piga pana, uache mtetemo wa hewa uonekane kwenye upeo, na mstari wa pundamilia ukielea juu yake. Picha hiyo inaisema Etosha kuliko uso wa pundamilia uliofifia.

Kuna hewa ya moto nyingine inayowasumbua watu asubuhi, nao hawaelewi. Juni na Julai kule ni kipupwe cha kweli, mtu anaendesha na hita imewashwa. Anamkuta simba, anafungua dirisha, na joto lote la ndani linatoka kupitia dirishani, mbele ya lenzi. Jua halijachomoza vizuri, hakuna joto nje, lakini picha zina mawimbi. Zima hita na shusha vioo dakika kumi kabla ya kufika dimbwini. Vaa koti.

Tawi liko kali, simba hayuko

Kamera ikiachiwa ichague yenyewe, hushika kilicho karibu au chenye mistari mingi, na nyasi kavu ni mistari mitupu. Punguza eneo la fokasi hadi nukta moja ndogo uiweke kwenye jicho. Kamera mpya zenye uwezo wa kutambua jicho la mnyama zinafanya kazi nzuri mpaka majani yapite mbele; hapo zinapotea, na unatakiwa ujue kitufe cha kurudi kwenye nukta moja bila kutoa jicho kwenye kitafuta picha. Jifunzie nyumbani kwa mbuzi au kuku. Sitanii.

Angalia pia ile filta ya kioo uliyouziwa "ya kulinda lenzi". Ikiwa ya bei rahisi, kwenye lenzi ndefu inakula ukali wa picha siku nzima. Ivue, piga tena, linganisha.

Weupe umekuwa kijivu, na faru wa usiku ametoka kama mzimu

Dalili mbili zinazopingana, chanzo kimoja. Kipima mwanga cha kamera kinadhani kila kitu duniani kina mwanga wa wastani. Ukikielekeza kwenye uwanda mweupe, kinasema mwanga umezidi, kinaukata, na chumvi inatoka kijivu. Ongeza kwa kitufe cha +/−, anza na +1.

Usiku pale kambi ya Okaukuejo ndani ya Etosha kuna dimbwi linalomulikwa kwa taa, na faru weusi huja kunywa mbele ya benchi za wageni. Sehemu kubwa ya picha ni giza, kamera inahangaika kuling'arisha, na faru anatoka mweupe, amevutika, na kivuli chake majini kimeungua. Hapo unashusha: −1 au −1.5. Hapo tripodi inafaa. ISO 3200 hadi 6400, shata karibu 1/30, na ubonyeze wakati faru ameinamisha kichwa kunywa, kwa sababu hapo anatulia. Rangi ikielemea machungwa, piga kwa faili la RAW (picha ghafi isiyobanwa na kamera) uirekebishe baadaye. Mwako wa kamera haumfikii mnyama wa ng'ambo ya dimbwi, unawaudhi tu waliokaa kimya karibu nawe.

Mchanga hauna mikunjo, umekuwa rangi tupu

Umefika Sossusvlei, matuta ni mekundu, umepiga, na kwenye picha tuta ni bapa la rangi ya machungwa lisilo na alama hata moja ya upepo. Histogramu (grafu ya mwanga kwenye skrini ya kamera) uliitazama na ilionekana nzuri. Shida ni kwamba ile histogramu ya kawaida inaonyesha wastani wa rangi zote, na kwenye mchanga huu wekundu peke yake unajaa na kumwagika huku kijani na bluu bado zina nafasi. Washa histogramu ya rangi tatu, angalia mlima mwekundu usigonge ukuta wa kulia, shusha mwanga kidogo, theluthi mbili hivi. Mikunjo inarudi.

Anga likiwa na doa la bluu iliyokolea upande mmoja na kupauka upande mwingine, ni filta ya kupunguza mng'ao uliyoifunga kwenye lenzi pana. Mbingu ya lenzi pana inabeba pembe nyingi kuliko filta inavyoweza kuzikoleza sawasawa. Ivue.

Deadvlei haifanani na ile uliyoiona kwa wengine

Hapa ndipo wengi hulaumu kamera bure. Picha inayojulikana ya Deadvlei, bonde kavu lililo jirani na Sossusvlei, ina miti mikavu iliyokufa karne nyingi zilizopita, sakafu nyeupe ya udongo ikiwa bado kivulini, na nyuma yake tuta linalowaka kwa jua. Hali hiyo inadumu muda mfupi asubuhi. Jua likishaingia sakafuni, weupe unapiga macho, miti inapoteza weusi wake, na hakuna kitufe kinachorudisha kivuli.

Kwa hiyo swali ni: ulilala wapi? Waliolala ndani ya geti la Sesriem, la kuingilia Sossusvlei, hufunguliwa saa moja kabla ya jua kuchomoza. Waliolala nje husubiri jua lichomoze ndipo wafunguliwe. Kutoka getini ni kilomita 60 hivi za lami kwa mwendo wa 60 kwa saa, halafu kilomita tano za mchanga zinazotaka gari la magurudumu manne yanayovuta yote, halafu kutembea kama kilomita moja. Aliyelala nje anafika saa moja na nusu baada ya jua, akikimbia. Lenzi ya milioni kadhaa isingemsaidia. Kitanda cha ndani kingemsaidia, hata kama ni hema kwenye kiwanja cha kambi, na viwanja hivyo hujaa mapema.

Saa nayo inachangia. Namibia, Zambia na Botswana ziko nyuma yetu kwa saa moja. Zaidi ya hapo, mtu wa Afrika Mashariki amezoea jua linalochomoza karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Sesriem mwezi Juni linachomoza baada ya saa moja na nusu asubuhi kwa saa za huko. Badilisha saa ya simu na ya kamera siku unapovuka mpaka, la sivyo picha za kamera na za simu zitajichanganya ukizipanga, na hutajua ni ipi ilipigwa kabla ya ipi.

Jambo jingine la kupendeza la majira hayo: jua la adhuhuri linakaa upande wa kaskazini, nyuzi kama 42 tu juu ya upeo. Mchana hauui picha kama unavyoua Dodoma au Garissa. Matuta yanabaki na upande wa kivuli siku nzima, kwa hiyo usirudi kambini saa tatu kwa mazoea tu.

Lenzi imejaa maji au mvuke

Kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria) pale Livingstone, kuanzia Machi hadi Mei maji ni mengi na manyunyu yanafunika kila kitu; wakati mwingine umesimama mbele ya ukuta wa mita 108 na huuoni. Hakuna mpangilio wa kamera unaopenya pale. Beba mwavuli wa lenzi (kikingio cha mbele), vitambaa viwili vikavu, mfuko wa plastiki wenye tundu la lenzi, na subira ya upepo kugeuka. Usibadilishe lenzi pale. Ukienda Oktoba au Novemba upande wa Zambia unaweza kukuta sehemu kubwa ni mwamba mkavu, hivyo chagua kulingana na unachokitaka.

Mvuke unaotokea ndani ya kioo ni kitu tofauti, na watu wa Dar, Tanga na Mombasa wanaujua: kamera inatoka chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye hewa ya joto na unyevu, kioo kinatoa jasho. Usiifute, utaipaka tu. Ifunge kwenye begi lake ikiwa bado chumbani, itoe nje ikiwa imefungwa, iache ipate joto ndipo ufungue.

Swakopmund na Walvis Bay ukungu unatoka baharini, kwa sababu mkondo wa Benguela ni wa maji baridi na hewa ya juu yake inapoa. Flamingo wa Walvis Bay wakitoka wamepauka asubuhi, ngoja. Mara nyingi ukungu unapungua kadiri siku inavyosonga. Jioni futa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, maana hewa ile ina chumvi.

Madoa yale yale, pale pale, kila picha

Vumbi kwenye sensa, bapa linalopokea picha ndani ya kamera. Halionekani tundu la lenzi likiwa pana (f/4), linajitokeza likiwa dogo, f/11 na kuendelea, hasa kwenye anga. Hakikisha kwa kupiga anga tupu kwa f/16 bila fokasi. Doa likiwa juu ya picha, vumbi liko chini ya sensa, kwa kuwa picha huanguka pale ikiwa kichwa chini. Ukiitazama sensa kwa mbele, kushoto kunabaki kushoto. Puliza kwa kipulizio cha mpira, mdomo wa kamera ukiangalia chini. Usipulize kwa mdomo wako, mate hayatoki. Barabara za changarawe za Namibia zina vumbi laini kama unga, kwa hiyo badilisha lenzi vioo vikiwa vimepandishwa na feni ya gari imezimwa.

Nyota zimekuwa nyuzi, au vidonge

Nyuzi: umeacha shata wazi mno. Gawanya 500 kwa urefu wa lenzi upate sekunde; lenzi ya milimita 20 kwa sensa kubwa inakupa 25. Vidonge: fokasi. Fokasi ya yenyewe haifanyi kazi gizani, na alama ya mwisho wa mbali kwenye lenzi nyingi haiko sahihi. Zima fokasi ya yenyewe, kuza nyota kubwa kwenye skrini, zungusha pete hadi iwe nukta ndogo kabisa. Giza la huko linastahili usumbufu huo: hifadhi ya NamibRand, jirani na Sossusvlei, ilitambuliwa kimataifa mwaka 2012 kuwa eneo la anga lenye giza.

Betri, chaja, kadi, droni

Betri ikiisha haraka alfajiri, ni baridi. Weka za akiba mfuko wa ndani wa koti, na ile "iliyokufa" ipashe joto uijaribu tena kabla ya kuihukumu. Chaja isipoingia ukutani, ni kwa sababu Namibia wanatumia plagi kubwa ya pini tatu za duara, si zetu za bapa. Nunua adapta Windhoek au Katima Mulilo. Ukirudi kwa ndege, betri za akiba ziende kwenye begi la mkononi.

Kadi ikisema haina picha, acha kuitumia dakika hiyo. Picha mara nyingi bado zipo hadi utakapoandika juu yake. Programu ya bure ya PhotoRec huzichomoa ukifika kwenye kompyuta.

Droni ikikamatwa, hakuna cha kurekebisha. Omba kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga kabla ya safari, na ujue kwamba ndani ya hifadhi za taifa kurusha bila ruhusa ni kosa. Ofisi za mipakani na askari usiwapige picha kabisa, hata kwa simu.

Yote umejaribu, bado

Sasa ndiyo zamu ya lenzi. Weka kamera juu ya meza imara, elekeza kwenye ukuta wenye maandishi mita 20 mbele, mchana, kivulini, kipima muda cha sekunde mbili. Piga kwa fokasi ya yenyewe, kisha kwa mkono huku umekuza skrini. Ikiwa ya mkono ni kali na ya yenyewe si kali, fokasi inatua mbele au nyuma. Kamera nyingi zenye kioo cha kuakisi ndani (DSLR) za daraja la kati na la juu zina menyu ya kurekebisha hilo kwa kila lenzi. Ikiwa herufi za kushoto ni safi na za kulia zimefifia kwenye picha zote mbili, kioo cha ndani kimehama. Hii hutokea kwa lenzi zilizobebwa siku nyingi kwenye barabara za changarawe zenye mawimbi, ambazo hulegeza hata bolti za gari. Usiifungue mwenyewe. Kaza skrubu za nje unazoziona, panga mnyama akae upande ulio mzima wa picha mpaka safari iishe, na ukirudi mpelekee fundi hizo picha za ukuta pamoja na lenzi yenyewe.